Mwalimu, ada nililipia kompyuta, mbona nachora kwa penseli?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wanafunzi na walimu wa usanifu wa picha. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika ana hasira, na nusu ya hasira yake ina haki.

SWALI: Mwalimu, salamu sana. Mimi ni kijana wa Kayole, nasomea usanifu wa picha katika chuo kimoja hapa mjini. Muhula mzima ni miradi tu: tengeneza picha ya zamani iliyochanika, unganisha picha mbili ziwe moja, buni nembo ya duka, buni bango la tamasha. Na kabla hujagusa kompyuta, lazima umwonyeshe mwalimu michoro ya penseli. Programu yenyewe ni GIMP, hata si Photoshop. Rafiki yangu hajaingia chuo chochote, anatumia Canva kwa simu na kila wikendi analipwa kwa mabango ya sherehe. Mimi ada nililipia kompyuta, nachora kwa penseli. Niache nikatafute kazi?
Mwenye Haraka, Kayole

JIBU: Mwanangu Mwenye Haraka, kwanza rafiki yako usimbeze. Canva, iliyoanzia Australia mwaka 2013, imewapa watu wengi riziki. Mteja anayetaka bango la sherehe kabla ya saa kumi na mbili jioni hana haja na mtu wa diploma. Anataka jina la DJ lionekane, tarehe iwe sahihi, namba ya simu isikosewe. Kiolezo kinatosha. Hata mimi chama chetu kikinituma kadi ya mwaliko nafungua Canva, najaza, natuma, naendelea na chai yangu.

Mambo hubadilika mteja akija na picha yake mwenyewe. Nimefanya kazi miaka mingi katika duka la kuchapa karibu na River Road, na kilichotulisha pale ni vijitabu vya mazishi. Familia inaingia Jumatano au Alhamisi, mazishi ni Jumamosi, na marehemu hana picha ya peke yake. Iko moja tu nzuri, alipigwa kwenye harusi ya mpwa wake. Amecheka vizuri, koti limemkaa, lakini begani kuna mkono wa mtu, na nyuma kuna hema la zambarau na nusu ya uso wa jamaa anayekunywa soda. Ukibonyeza kitufe cha kuondoa mandharinyuma, mashine inaondoa hema na kuuacha mkono, maana kwake mkono nao ni mtu. Siku nyingine inaondoa na sikio la marehemu.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Unanakili leya ya picha kwanza, yaani tabaka lake, kwenye GIMP ni Shift+Ctrl+D, na ile ya chini huigusi tena. Unaiwekea leya ya juu maski. Ukipaka nyeusi kwenye maski, pale panafichika. Ukipaka nyeupe, panarudi. Hema na mnywaji wa soda wanaondoka namna hiyo, polepole, kwa brashi laini kwenye nywele na brashi ngumu kwenye koti. Mkono ndio wenye kazi. Unachukua kipande cha koti kutoka bega la pili, unakigeuza kushoto kuwa kulia, unakilaza juu ya mkono. Ukidhani umemaliza, angalia mwanga. Kama jua lilikuwa upande wa kushoto, bega ulilogeuza linang'aa mahali ambapo lingekuwa na kivuli, na mjane atalitazama kwa muda mrefu akijua kuna kitu hakiko sawa, ingawa hatakitaja. Basi unatia kivuli kwa mkono, kwenye leya yake peke yake, ili ukizidisha uweze kupunguza. Photoshop ilipotoka mwaka 1990 haikuwa na leya. Zilikuja mwaka 1994 na toleo la 3.0. Waliofanya kazi kabla ya hapo, ukibandika umebandika.

Najua utaniambia siku hizi akili unde inajaza bega lenyewe. Inajaza, ndiyo, na mara nyingi vizuri. Lakini nimeona koti la vifungo vitatu likitoka na vinne, na kola ya upande mmoja ikiwa ya koti jingine kabisa. Mtu ambaye hajawahi kujenga bega kwa mkono haoni kosa hilo mpaka familia imwonyeshe, na kufikia hapo vijitabu mia tatu vimeshakunjwa.

Sasa soma tena orodha yako ya miradi. "Unganisha picha mbili" ndiyo hiyo niliyokueleza. "Picha iliyochanika" ni dada yake. Picha ya nyanya iliyokunjwa ikakaa ndani ya Biblia miaka arobaini huwa na mstari mweupe unaopita katikati ya uso. Iskani kwa DPI 600 (nukta 600 kwa kila inchi), usiipige kwa simu chini ya taa ya dari. Shavuni tumia kile kifaa chenye alama ya plasta, herufi H kwenye GIMP, kwa sababu kinachukua ngozi ya jirani na kuilinganisha na mwanga wa pale unapoipeleka. Ukifika mahali uso unapokutana na kitambaa cha kichwa, plasta itaharibu: itavuta weusi wa kitambaa iutie shavuni, utapata doa la moshi. Hapo hamia kifaa cha muhuri, herufi C, kinachonakili kama kilivyokuta bila kujifanya kina akili. Na usilainishe kupita kiasi. Chembechembe za karatasi ya zamani ziache. Nyanya akitoka na shavu la mtoto mchanga, wajukuu watasema umewaletea mtu mwingine.

Penseli, basi. Mwalimu wako hakuoneshi ubahili wa umeme. Mwanafunzi akikaa mbele ya GIMP akiwa na ukurasa mtupu, saa nzima ya kwanza inaishia kwenye fonti. Anajaribu hii, anajaribu ile, anaweka kivuli, anaondoa kivuli. Kwenye karatasi huna fonti. Una kisanduku kidogo cha ukubwa wa kiberiti, na swali moja tu: hapa kitu gani kiwe kikubwa? Ukichora visanduku sita, viwili vya mwanzo vitakuwa vile ulivyoviona kwa wengine, na cha tano au cha sita ndipo kichwa chako kinaanza kazi. Simtaji mtu yeyote, lakini nimewahi kuajiri vijana kwa kuangalia madaftari yao ya penseli, na zile kazi zilizong'arishwa kwenye simu nikaziruka.

Hapo tulipofika nikupe haki yako. "Buni bango la tamasha" ni mradi mbovu. Tamasha gani? Linabandikwa wapi, kwa ukubwa gani, nani atalisoma, na analisoma akiwa amesimama au akiwa kwenye matatu inayopita? Mwanafunzi asiyepewa masharti anafanya kile alichokuwa anakijua tangu wiki iliyopita, anapata alama 70, na hajajifunza kitu. Mwendee mwalimu kwa adabu umwambie: naomba nibadilishe tamasha liwe kinyozi wa mtaa wetu. Halafu nenda kwa kinyozi. Atakupa maneno mengi kuliko nafasi iliyopo, atataka picha ya mchezaji mpira ambayo si yake wala si yako kuitumia, na atataka namba ya kulipia kwa M-Pesa ionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Mpige picha mteja wake mmoja kwa ruhusa yake, mtoe huyo mchezaji. Mbishanie kuhusu maneno. Huo ndio mradi, na alama utakazopata zitakuwa na jasho.

Halafu uchape. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu vyuo vingi vinasahihisha kazi kwenye skrini, na skrini ni mwongo mpole. Yenyewe huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya chapa huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Ile buluu yako kali itatoka imeelekea zambarau, na kijani cha kung'aa kitatoka kama kimeoshwa mara nyingi. GIMP na Inkscape, ile programu ya michoro, hufanya kazi kwa rangi za mwanga, kwa hiyo faili la kwenda kwenye mtambo lipitishe kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa, ni ya bure na inajua rangi za wino. Maandishi madogo meusi yape wino mweusi peke yake. Ukiyapa rangi zote nne, karatasi ikiteleza kidogo tu kati ya pleti ya rangi moja na ya nyingine, kila herufi inapata ukungu mwekundu pembeni na mteja anasema miwani yake imeharibika. Rangi inayofika ukingoni ipitilize milimita 3 kila upande, maana mashine ya kukatia nayo hutikisika. Na piga hesabu ya picha kabla ya kuahidi: picha ya upana wa pikseli 1,000 kwa DPI 300 inakupa sentimita 8 na nusu, basi. A4 nzima inataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Mteja akikutumia picha kwa WhatsApp mwambie aitume kama dokumenti, vinginevyo inafika imekondeshwa.

Kuhusu GIMP usiione aibu. Ilianza mwaka 1995 mikononi mwa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wamechoshwa na mradi wao wa darasa wa kutengeneza kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine. Wakauacha wakaandika programu ya picha. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na sasa hata vichujio unaweza kurudi kuvirekebisha baadaye bila kuharibu picha. Ukihamia Photoshop siku ukipata mwajiri anayeilipia, utatafuta vitufe kwa wiki kadhaa. Maski ni maski.

Usiache chuo. Ila Jumamosi na Jumapili ni zako: mfuate huyo rafiki yako, mgawane kazi. Yeye ana wateja, wewe una mkono.

SWALI: Mwalimu, hongera kwa safu. Nafundisha katika shule moja huku Kawangware. Tuna kompyuta kumi za zamani, wanafunzi arobaini, na intaneti ya kubahatisha. Kila mradi wa usanifu unaishia kuwa bango la kupinga dawa za kulevya. Wamechoka, nimechoka. Nipe mradi mmoja wa muhula.
Mwalimu wa Zamu

JIBU: Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Wape leso.

Waambie kila mmoja aje na leso ya nyumbani, au wapeleke mtaa wa Biashara wakazitazame zikiwa zimetundikwa. Wazichunguze wenyewe kabla hujafungua mdomo. Wataona pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa, chini ya mji. Wenye macho watakuonyesha yale maandishi madogo ya mfanyabiashara mwenye leso pembeni. Leso za "Mali ya Abdulla" zinajulikana kwa hilo. Tayari umefundisha mpangilio wa ukurasa na hujasema neno lolote la kitabuni.

Leso huwa na sentimita 150 kwa 110 hivi, kwa hiyo ukurasa wao uwe wa uwiano huo. Tumia Inkscape. Ni ya bure, utaibeba kwenye flashi na kuiweka kwenye mashine moja baada ya nyingine bila intaneti. Sharti la kwanza: rangi tatu, hakuna ya nne. Sharti la pili: pindo lijengwe kwa kipande kimoja kinachorudiwa. Achore korosho moja, au ua moja, kisha atoe nakala zake pacha kwa Alt+D. Uzuri wake ni kwamba akibadilisha korosho ya kwanza, zote kwenye pindo zinabadilika pamoja naye akitazama. Nakuhakikishia darasa litapiga kelele siku hiyo.

Kona ndiyo itakayowatesa. Pindo likitoka juu likageuka kushuka, ua la mwisho hukatika nusu, au hulala kifudifudi. Wengine watabadilisha ukubwa wa ua ili idadi iingie kamili, wengine watabuni kipande maalumu cha kona, na wapo watakaoficha kwa kuweka duara kubwa juu yake. Usiwasaidie. Acha wazunguke darasani waone wenzao walivyojitoa, kisha wapeleke kutazama leso za kweli zilivyofanya. Hapo wiki nzima inaweza kwenda na hujapoteza kitu.

Jina nalo lina somo lake. Mstari mmoja, herufi kubwa, urefu una mpaka. Mtoto akija na methali ya maneno kumi na mawili, herufi zitakuwa ndogo mpaka zisisomeke, basi atapunguza maneno mwenyewe. Bandika kazi ukutani usimame mlangoni: jina lisiposomeka, linarudi mezani. Mwisho, leso huuzwa jozi, basi wadai ya pili yenye mchoro uleule na rangi nyingine. Wengi watapachika nyekundu juu ya kijani na kufurahi. Waambie waigeuze picha iwe ya kijivu tupu. Kama jina limepotea, rangi zile mbili zilikuwa na uzito mmoja wa mwanga, na macho yalikuwa yanahangaika bila kujua sababu.

Kuhusu kompyuta kumi: kundi la watoto wanne kwa mashine, mmoja kwenye kipanya, mmoja anampa maelekezo, wawili wako kwenye karatasi ya miraba wakipanga kipande kinachofuata. Badilisha kila robo saa, na saa uishike wewe. Ukiwaachia wao, yule mwenye kompyuta nyumbani ndiye atakayekaa kwenye kipanya mpaka kengele.

Bango la dawa za kulevya lipumzike mwaka mmoja.

SWALI: Mwalimu, binti yangu ana miaka kumi na mitano. Shuleni walipewa mradi wa kubuni jalada la jarida kwa picha zao wenyewe. Amejilainisha ngozi na kujing'arisha mpaka mimi mama yake sikumtambua, na mwalimu amempa alama nzuri. Nimkanye?
Mama wa South B

JIBU: Mama, usianze na kukanya, anza na picha ya asili. Mwombe akuonyeshe kabla hajaigusa. Nadhani utakuta imetoka nyeusi tititi, uso hauonekani, kwa sababu alisimama mbele ya ukuta mweupe au dirisha, na simu ikapima mwanga wa ukuta. Mtoto akiona hivyo anadhani kasoro ni ngozi yake, kumbe ni kipimo. Jambo hili lina historia: kwa miaka mingi Kodak walipanga rangi za picha kwa kadi zenye mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikawa inatoka ilivyobahatika.

Mpeleke kwenye kibaraza saa kumi jioni, kivulini, nyuma yake kuwe na kitu cheusi kidogo, hata geti au leso yako. Aguse uso wake kwenye skrini ya simu kabla ya kupiga, kisha apandishe mwanga kidogo kwa kidole. Amwambie mwalimu anataka kuleta jalada la pili, ayaweke mawili sambamba. Chunusi ya wiki hii aifute akitaka, itaondoka yenyewe mwezi ujao. Alama ya kuzaliwa nayo na rangi yake aziache. Sharti hilo hata maduka ya picha yenye heshima huliweka. Huyo mwalimu wake nami ningependa kujua alama zile alizitoa kwa kigezo gani.

SWALI: Nina saiba Githurai. Wateja wananiomba niwabadilishie mwaka au alama kwenye cheti, wanasema ni kazi ya dakika tano tu kwa mtu anayejua Photoshop. Wanalipa vizuri kuliko fotokopi. Unasemaje?
Fundi wa Saiba

JIBU: Hapana. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inataja kughushi kwa kompyuta kuwa kosa, na faili limefunguliwa kwenye mashine yako, si ya mteja. Aliyepoteza cheti mwelekeze KNEC, Baraza la Mitihani. Aliyepata D akitaka B, mwambie CV yake imepangwa vibaya, maana karibu zote zimepangwa vibaya, na hiyo uitengeneze umlipishe.